Redio ya gigabiti inayokula umeme kupita kiasi: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa anayebuni au kurekebisha bodi ya mawasiliano yasiyotumia waya yenye kasi ya gigabiti kadhaa kwa sekunde, hasa kwenye mawimbi ya milimita. Mifano mingi nimeitoa katika bendi ya gigahezi 60, ambako kiwango cha IEEE 802.11ad cha mwaka 2012 kiliigawa bendi katika chaneli zenye upana wa gigahezi 2.16 kila moja. Upana huo ndio neema na ndio mzigo. Data inapita kwa wingi, lakini kila kipande cha saketi kinalazimika kukimbia kwa mwendo huo, na mwendo hulipiwa kwa umeme.

Jambo moja linatangulia mengine yote: usihesabu wati peke yake, hesabu jouli kwa kila biti iliyofika salama. Redio inayokula wati 2 na kufikisha gigabiti 4 kwa sekunde hutumia pikojouli 500 kwa biti. Nyingine inakula wati 1 na kufikisha megabiti 500 kwa sekunde. Mita inaisifu hiyo ya pili, kumbe inatumia nanojouli 2 kwa biti, mara nne ya mwenzake. Na neno "iliyofika" lina uzito. Pakiti iliyorushwa mara tatu ndipo ikapokelewa imelipiwa mara tatu.

Kabla ya kugusa chochote

Tenganisha njia za umeme. Amplifaya za kurusha, osileta (inayotengeneza wimbi-bebaji), vigeuzi vya ishara (kati ya analogia na namba) na sehemu ya dijitali, kila moja iwe na rezista yake ndogo ya kupimia mkondo. Miliohmu 10 inatosha: ampea 1 itakupa milivolti 10. Soma kwa oskiloskopu, maana multimita hutoa wastani tu na redio ya aina hii hubadili hali ndani ya mikrosekunde chache. Pima katika hali tano: imelala, inasikiliza bila kupokea kitu, inapokea, inarusha, na inatafuta mwelekeo wa mwale, yaani wimbi lililobanwa upande mmoja na antena nyingi kwa pamoja. Hali ya nne ndiyo ambayo kila mtu huipima. Ya pili na ya tano ndizo zinazosahaulika, na mara nyingi mwizi hujificha humo.

Kama bodi yako ina njia moja tu ya umeme kwa kila kitu, usianze kubahatisha. Kata, weka rezista, pima. Siku moja ya kukata na kulehemu ina faida kuliko wiki nzima ya kukisia.

Umepunguza nguvu ya kurusha, lakini mita haishuki

Dalili hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayoficha upotevu mkubwa zaidi. Unashusha nguvu inayotoka kwa desibeli 6, yaani hadi robo, na mkondo wa amplifaya unabaki pale pale.

Chanzo kiko kwenye bayasi, yaani mkondo wa kudumu unaoiweka amplifaya tayari kufanya kazi. Amplifaya ya daraja A hupitisha mkondo ule ule iwe ina ishara au haina. Kinadharia ufanisi wake kileleni ni asilimia 50, na ukiiendesha desibeli 6 chini ya kilele unabakiwa na asilimia 12.5. Daraja B, ambayo mkondo wake hufuata ukubwa wa ishara, huanzia asilimia 78.5, na kwa desibeli hizo hizo 6 hushuka hadi 39 hivi. Hizo ni hesabu za karatasini. Kwenye gigahezi 60 transista ya silikoni haina ukuzaji wa kuchezea, na ufanisi wa asilimia 20 kileleni ni jambo la kawaida.

Mtu atauliza: basi kwa nini tusiiendeshe kileleni muda wote? Kwa sababu ya umbo la ishara. Ishara ya OFDM, inayogawa data kwenye mawimbi-bebaji mengi kwa wakati mmoja, ina vilele vinavyopanda desibeli 8 hadi 12 juu ya wastani wake. Vilele hivyo vikigonga dari ya amplifaya, ishara inapondeka na kumwagikia chaneli za jirani. Kwa hiyo wastani lazima ushushwe ili vilele vipate nafasi.

Tazama hesabu yenyewe. Amplifaya moja inafika dBm 12 (desibeli juu ya miliwati 1) kileleni, ambayo ni miliwati 16 hivi, na inakula miliwati 80 bila kubadilika. Ukiishusha desibeli 8 inatoa dBm 4, yaani miliwati 2.5. Ufanisi wa wastani ni asilimia 3 na kidogo. Safu yenye antena 16 itakula wati 1.28 kwa ajili ya kurusha miliwati 40. Kilichobaki chote ni joto.

Marekebisho yafuate mpangilio huu. Kwanza hakikisha bayasi inafuata amri ya nguvu. Katika chipu nyingi programu hupunguza ukuzaji wa hatua ya awali tu na kuacha hatua ya mwisho, ile inayokula zaidi, kwenye bayasi ya juu. Soma rejista moja moja ujiridhishe.

Pili, zima antena badala ya kushusha zote kwa pamoja. Hapa pana faida kubwa ambayo wabunifu wengi huiacha mezani. Nguvu ya safu katika mwelekeo wa mwale hukua kwa mraba wa idadi ya antena, kwa sababu antena zinaongeza nguvu inayotoka na pia zinabana mwale. Katika mfano wetu, dBm 4 kwa kila antena, desibeli 12 za kujumlisha nguvu, 12 nyingine za kubana mwale, na 5 za antena yenyewe zinatupa dBm 33. Kwa umbali wa mita 10 kwenye gigahezi 60, wimbi hupoteza desibeli 88 hewani. Kipokezi chenye safu kama hiyo kinarudisha desibeli 17, kwa hiyo kinapata dBm −38. Kelele ya joto katika upana wa gigahezi 2 ni dBm −81, na ukiongeza desibeli 7 za kelele ya kipokezi chenyewe unafika −74. Ishara imeizidi kelele kwa desibeli 36, kiasi ambacho chumbani hakihitajiki hata kidogo. Zima antena 12, ubaki na 4: nguvu ya mwale inashuka desibeli 12, bado una desibeli 24, zinazotosha 16-QAM (ishara inayobeba biti 4 kwa kila alama) na akiba juu, na amplifaya sasa zinakula wati 0.32. Umeokoa robo tatu bila kubadili hata kijenzi kimoja. Mwale pia umekuwa mpana, hivyo kifaa kikisogea kidogo hakipotezi mwenzake haraka.

Tatu, kama kiwango unachofuata kinaruhusu, tumia ishara ya wimbi-bebaji moja badala ya OFDM. Vilele vyake ni vifupi, na 802.11ad inafikia gigabiti 4.62 kwa sekunde kwa njia hiyo. OFDM ya kiwango hicho ilifika 6.76, lakini kwa kifaa cha betri mimi ningechagua ya kwanza bila kusita.

Nne ndipo ufikirie kubadili saketi. Muundo wa William Doherty wa mwaka 1936, wa amplifaya kuu inayosaidiwa na nyingine wakati wa vilele tu, unarudisha ufanisi pale desibeli 6 chini ya kilele. Katika mawimbi ya milimita unafanya kazi, ila mistari ya kuunganishia hula sehemu ya faida. Mbinu ya kubadilisha volti ya amplifaya ifuate umbo la ishara siipendekezi kwa chaneli ya gigahezi 2, kwa kuwa chanzo cha umeme chenye uwezo wa kufuata mwendo huo kitakula kile kile ulichotaka kuokoa. Kuipinda ishara kidijitali kabla ya amplifaya nako kunahitaji kipokezi cha ziada cha kuchunguza kinachotoka, chenye upana unaozidi wa chaneli yenyewe. Kwa mnara wenye wati nyingi inalipa. Kwa amplifaya za miliwati 2, hailipi.

Kasi imegoma kupanda hata ukiongeza nguvu

QPSK (biti 2 kwa alama) inapita, 16-QAM inasuasua, 64-QAM (biti 6) haipiti kabisa. Mbunifu anaongeza nguvu ya kurusha, na makosa hayapungui. Ukiona hivyo, acha kuongeza nguvu mara moja, maana tatizo si uchache wa ishara. Fungua ramani ya nukta za ishara, ambako kila alama iliyopokelewa huchorwa kama nukta, na usome umbo lake.

Nukta zikiwa mawingu ya duara yanayolingana kila mahali, hiyo ni kelele ya joto, na hapo tu ndipo nguvu zaidi au antena zaidi husaidia.

Nukta za pembeni zikivutwa kuelekea katikati huku za ndani zikiwa zimetulia, amplifaya inapondwa. Shusha nguvu. Ndiyo, kushusha ndiko kutakakoongeza kasi, na umeme utapungua kwa wakati mmoja.

Ramani nzima ikiwa imepinda kama mraba uliosukumwa upande, njia mbili za ishara (zinazobeba sehemu zake mbili zilizopishana nyuzi 90) hazilingani. Tofauti ya nyuzi 1 ya fezi na desibeli 0.1 ya ukuzaji huacha taswira ya ishara kwenye desibeli −40 hivi, na hiyo inavumilika. Nyuzi 5 zinaibana sana 64-QAM. Dawa ni kurekebisha kwa hesabu upande wa dijitali, na gharama yake ya umeme ni ndogo.

Nukta zikichorwa kama tao, za nje zikiwa na tao refu kuliko za ndani, hiyo ni kelele ya fezi ya osileta, yaani mtikisiko wa pembe ya wimbi lake. Ndiyo inayosumbua zaidi katika masafa haya. Kila unapozidisha masafa ya osileta, kelele yake ya fezi inapanda nayo: kutoka gigahezi 10 kwenda 60 unaongeza desibeli 15.6. Mtikisiko wa fezi wa nyuzi 3 unaweka kosa la desibeli −25.6, na wa nyuzi 5 unaweka −21. Viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, kwa upande wa kurusha vinataka kosa lisizidi asilimia 8 kwa 64-QAM, sawa na desibeli −22. Kwa hiyo nyuzi 5 peke yake zimeshakutoa nje kabla hata hujahesabu makosa mengine.

Kishawishi kinachofuata ni kuipa osileta umeme zaidi. Fahamu bei yake. Kelele ya fezi hupungua kwa uwiano wa nguvu inayozunguka ndani ya osileta, kwa hiyo desibeli 3 za nafuu zinataka umeme maradufu, na desibeli 10 zinataka mara kumi. Kabla ya kulipa hivyo, panua kwanza kitanzi cha kufuatilia fezi upande wa dijitali. Sehemu kubwa ya mtikisiko huo ni wa polepole ukiulinganisha na mwendo wa alama za ishara, na nukta za majaribio zilizopandwa ndani ya pakiti zinaweza kuufuta kwa umeme kidogo sana. Kagua pia upana wa kitanzi cha kufunga fezi, kinachoifanya osileta ifuate saa ya rejea. Kikiwa chembamba mno, kelele ya osileta inapita. Kikiwa kipana mno, ile ya saa ya rejea ndiyo inayopita.

Kupokea kunakula kuliko kurusha

Hapa mshukiwa wa kwanza ni kile kigeuzi kinachobadili ishara ya analogia kuwa namba. Kipimo kinachotumika sana, kilichoenea baada ya kazi ya Robert Walden ya mwaka 1999, kinasema umeme wa kigeuzi hukua sambamba na kasi ya kuchukua sampuli, na huongezeka maradufu kwa kila biti halisi unayoongeza. Tuseme kigeuzi chako kina femtojouli 50 kwa kila hatua. Kwa sampuli bilioni 5 kwa sekunde na biti halisi 8, kinakula miliwati 64. Kwa biti 5, kinakula 8. Na kwa kawaida unavyo viwili, kimoja kwa kila njia ya ishara.

Usiishie hapo. Biti 8 mara sampuli bilioni 5 mara njia mbili ni gigabiti 80 kwa sekunde zinazopaswa kusafirishwa hadi kwenye sehemu ya hesabu. Zikisafiri ndani ya chipu moja kwa pikojouli 1 kwa biti, ni miliwati 80. Zikivuka kwenda chipu nyingine kwa pikojouli 5, ni miliwati 400, zaidi ya vigeuzi vyote viwili. Nimeona michoro mingi ambamo mtu amechagua kigeuzi bora sana akasahau barabara itokayo kwenye kigeuzi hicho.

Swali la kujiuliza ni biti ngapi zinahitajika kweli. Kila biti hutoa desibeli 6 za nafasi. 16-QAM yenye akiba ya kutosha kwa mabadiliko ya ishara huridhika na biti 5 au 6. Anayeweka 8 mara nyingi anafidia kitu kingine: udhibiti wa ukuzaji unaochelewa, au ukosefu wa kichujio mbele. Pima ishara inaingia kwenye kigeuzi kwa ukubwa gani. Ikiwa inatumia nusu tu ya upana wake, unatupa biti nzima, na unailipia kila sekunde.

Kuna mtego wa saa pia. Saa ya sampuli yenye mtetemo wa pikosekunde 1 inaruhusu uwiano wa desibeli 44 kwa ishara ya gigahezi 1, lakini kwa ishara ya gigahezi 5 unabaki na desibeli 30. Ukishusha wimbi moja kwa moja hadi sifuri kabla ya kuchukua sampuli, saa ya kawaida inatosha. Ukichukua sampuli kwenye masafa ya kati, itabidi ununue saa safi, na saa safi hula umeme.

Vigeuzi vinavyopokezana zamu vina dalili yao maalumu: miiba kwenye spektra katika sehemu zilizogawanyika sawasawa za kasi ya sampuli. Miiba isiyobadilika hata ishara ikiondolewa inatokana na tofauti za volti ya kuanzia kati ya vigeuzi hivyo. Inayotembea pamoja na ishara inatokana na ukuzaji au muda usiolingana. Rekebisha kwa hesabu wakati kifaa kinawaka, kisha uizime saketi ya kurekebisha. Ikiachwa ikizunguka muda wote inakuwa mlaji mwingine.

Nguvu inatoka kwenye chipu lakini haifiki hewani

Kipimo kwenye pini ni kizuri, ila kipokezi cha mbali kinaona pungufu ya desibeli 4 au 5. Wengi hapa hupandisha bayasi. Tafadhali usipandishe. Desibeli 1 iliyopotea kati ya amplifaya na antena ni asilimia 20 ya nguvu iliyoliwa na bodi, na desibeli 3 ni nusu. Kila miliwati iliyopotea hapo ilikuwa imeshagharimu miliwati nyingi ndani ya amplifaya isiyo na ufanisi.

Anza na malighafi ya bodi. FR-4, fiberglasi ya kawaida ya bodi, ina kipimo cha upotevu cha karibu 0.02. Malighafi za mawimbi ya juu kama RO3003 ziko kwenye 0.001 katika gigahezi 10. Lakini malighafi peke yake haitoshi. Kwenye gigahezi 60 mkondo hupita katika ngozi ya shaba yenye kina cha mikromita 0.27 tu. Uso wa shaba wenye mabonde ya mikromita 1 au 2 unaufanya mkondo upande na kushuka njia nzima. Agiza shaba laini, na kwa maandishi, maana usipoitaja unaweza kupewa shaba yoyote iliyopo.

Kisha angalia chipu imeunganishwaje. Kinyaya cha kuunganishia kina nanohenri 1 hivi kwa kila milimita. Kwa gigahezi 60, nusu milimita tu ni karibu ohmu 190 za upinzani katika mfumo wa ohmu 50. Haishangazi nguvu ikirudi ilikotoka. Pindua chipu uso chini uiketishe juu ya vinundu vya solda, au weka antena ndani ya kifurushi cha chipu chenyewe. Hili la pili ndilo ninalolipendelea, kwa kuwa mstari mfupi kuliko yote ni ule ambao haupo.

Upungufu ukitokea tu mwale unapoelekezwa pembeni, bodi haina kosa. Impidansi ya kila antena hubadilika kwa sababu ya jirani zake kadiri mwale unavyoinama, na amplifaya inajikuta ikisukuma mzigo ambao haikubuniwa kuusukuma. Pima nguvu kwa kila pembe, na weka mpaka wa pembe ambao kasi inashushwa kwa makusudi badala ya kulazimisha.

Hakiki pia vifaa vyako vya kupimia. Nyaya za koaksia katika masafa haya hupoteza desibeli kadhaa kwa mita, na kiunganishi kilichokazwa vibaya huongeza nyingine.

Miiba miwili inayosimama pembeni mwa wimbi

Ikiwa iko umbali wa megahezi 2 kila upande, na regyuleta (kidhibiti cha volti) yako inawaka na kuzima mara milioni 2 kwa sekunde, umeshampata mhusika. Viwimbi vya umeme vinaingia kwenye osileta. Osileta inayohama megahezi 100 kwa kila volti, ikipata kiwimbi cha milivolti 1, hutoa miiba ya desibeli −32. Kipunguze hadi milivolti 0.1 na miiba itashuka hadi −52.

Jibu rahisi ni kuweka regyuleta za mstari kila mahali, na jibu hilo ndilo linaloua ufanisi. Kutoka volti 1.8 hadi 1.0 regyuleta ya mstari haiwezi kuzidi asilimia 56. Weka ya kuwasha na kuzima ishuke hadi volti 1.2, kisha ya mstari imalizie hadi 1.0 kwa ajili ya osileta peke yake, ambapo unapata asilimia 83 ya hatua hiyo. Dijitali na amplifaya zilishwe moja kwa moja na regyuleta ya kuwasha na kuzima, baada ya kuhakikisha kuwa viwimbi haviharibu ishara inayorushwa.

Ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata moto inaanguka

Ukuzaji wa transista hushuka joto likipanda. Kitanzi cha kudhibiti nguvu kinaona upungufu na kuongeza bayasi, bayasi inaongeza joto, na mduara unaendelea hadi kasi inaporomoka. Wakati huo huo mkondo unaovuja kwenye dijitali unakaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kama njia ya joto ina nyuzi 20 kwa kila wati, wati 2 zinaipandisha chipu nyuzi 40 juu ya mazingira.

Jaribio la kuthibitisha ni dogo: funga bayasi mahali pamoja kwa programu, pasha moto, na uangalie. Ikitulia kwa nguvu pungufu bila kuanguka, kitanzi ndicho chanzo. Kiwekee dari inayotegemea joto, na kifaa kikipata moto kishushe kasi kwanza badala ya kupandisha bayasi. Hitisinki kubwa ni msaada, ila kama inaficha amplifaya yenye ufanisi wa asilimia 3, tatizo halijaguswa.

Betri inaisha wakati hakuna anayetuma chochote

Pakiti ya baiti 1500 kwa gigabiti 4.62 kwa sekunde hukaa hewani mikrosekunde 2.6. Ikiwa osileta yako inahitaji mikrosekunde 50 kutulia baada ya kuamka, unatumia muda mara 19 kujiandaa kuliko kufanya kazi yenyewe. Hapo hata amplifaya bora haikuokoi. Kusanya pakiti ziwe nyingi, zirushe kwa pamoja, kisha lala.

Mlaji mwingine ni kusikiliza. Kipokezi kinachosubiri kikiwa na vigeuzi, kisimbuzi na safu nzima ya antena vimewaka kinaweza kula karibu sawa na kinachopokea. Amsha kwa hatua: antena moja na kitambuzi rahisi cha nguvu kwanza, kigeuzi baadaye, kisimbuzi mwisho kabisa, baada ya kichwa cha pakiti kuthibitishwa. Kagua kama saa za dijitali zinakatwa kweli kwenye sehemu zilizolala. Umeme wa dijitali hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kutoka volti 1.0 hadi 0.8 unaokoa asilimia 36 kabla hujagusa mstari mmoja wa msimbo.

Angalia pia utafutaji wa mwale. Mtu akipita katikati, mwili wake unaweza kukata ishara kwa desibeli 20 au zaidi, na kifaa kinaanza kutafuta njia upya kwa kuzungusha mielekeo yote. Hifadhi mielekeo miwili mitatu iliyowahi kufaa, ikiwemo inayodunda ukutani, na ujaribu hiyo kwanza. Kama hakuna data inayosubiri, usitafute kabisa.

Kila kitu kiko sawa, na bado umezidi bajeti

Ukifika hapa, badili mgao wa kasi yenyewe. Kasi ile ile hupatikana kwa 16-QAM kwenye gigahezi 1 au kwa QPSK kwenye gigahezi 2. QPSK huridhika na uwiano wa ishara na kelele ulio chini kwa karibu desibeli 7. Upana maradufu unaingiza desibeli 3 za kelele, na unabaki na faida ya 4. Vilele vyake ni vifupi, kwa hiyo amplifaya inasogea karibu na kileleni. Kigeuzi kinakimbia maradufu lakini kinaweza kuacha biti mbili, na kila biti ilikuwa inagharimu maradufu, hivyo jumla inashuka. Osileta yenye mtikisiko wa nyuzi 5 iliyokuwa imekataliwa sasa inakubalika, kwa kuwa 3GPP inaruhusu QPSK kosa la hadi asilimia 17.5. Hesabu hii ifanywe mapema, kabla ya kuchagua chipu, na irudiwe kwa jouli kwa biti kila unapopata kipimo kipya kutoka kwenye zile rezista.